Kamba Haikatiki Ghafla

Wajukuu zangu wa Masalani, mnaovusha watu Tana, mnaoteka maji visimani na kufunga mizigo juu ya ngamia, nitegeeni sikio.

Mwaka 1997, mvua za El Niño zilipoujaza mto, niliamka alfajiri nikakuta mtumbwi wetu umechukuliwa. Kamba ilikuwa bado imefungwa mtini, inaelea, ncha yake imesambaa kama ufagio. Nikayalaumu maji. Baba akaivuta ile ncha, akanionyesha. Nyuzi chache tu zilikuwa nyeupe. Hizo ndizo zilizokatika usiku ule. Nyingine zote zilikuwa nyeusi kwa uchafu, zimekatika kitambo. Kamba ilikuwa ikisuguliwa na ukingo wa mtumbwi kwa miezi, nami nikiishika kila siku.

Tulishukuru mtumbwi ule ulikuwa mtupu. Yenu hubeba wanafunzi na akina mama, na mamba wa Tana mnawajua.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Basi patafuteni hapo pabovu. Kamba ya katani ikilala imelowa huoza kwa ndani. Ilegezeni msokoto mtazame. Mkiona vumbi au mkisikia uvundo, itupeni. Ya plastiki haiozi, lakini jua letu huila. Ikikakamaa na kutoa unyoya, msiikabidhi uhai wa mtu. Mchanga ukiingia ndani hukata nyuzi kimyakimya, kwa hiyo zioshwe. Panaposuguana na ukingo, pavisheni kipande cha tyubu kuukuu.

Fundo nalo lina adabu yake. Mnapofunga mtumbwi, zungusheni kamba mara mbili kwenye shina, kisha pigeni vitanzi viwili juu ya kamba yenyewe, mkaze, mwache mkia mrefu, maana plastiki huteleza. Mnapofunga mzigo, kulia kupite juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Mkirudia upande uleule, fundo litalegea njiani. Hilo ni la mzigo tu, msilitumie kuunga kamba itakayombeba mtu. Na shingoni mwa mbuzi msiweke tanzi linalojikaza, mtamkuta amekufa. Kumbukeni pia kwamba kila fundo huipunguzia kamba nguvu, hivyo kamba iliyoungwaungwa si ya kuteremshia mtu kisimani.

Mtu mmoja alimuuliza Mtume (SAW) kama amwache ngamia wake bila kumfunga, amtegemee Mungu. Akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Habari hiyo mnaisimulia vizuri, lakini nawaona mkifunga kwa kamba iliyochanika, fundo moja la haraka, kisha mnasema tawakali. Huko si kufunga, wanangu. Mnamwachia Mungu kazi aliyowapa mikono muifanye.

Mafuriko ya 2018 mliyaona, ya 2023 mliyaona. Mto utajaa tena, na pengine utakuja usiku. Leo kabla ya magharibi, kila mmoja aipitishe kamba yake mkononi, shubiri kwa shubiri, mpaka mwisho.