Faili Lililogoma Kufutika

Mwaka jana niliamua kumpa mjukuu wangu kompyuta yangu ya nyumbani, lakini kwanza nilitaka kuisafisha. Mafaili mengi yaliondoka bila ubishi: orodha za mitihani, hotuba za mahafali, barua za kuomba madawati. Moja likagoma. Kila nilipojaribu kulifuta, kompyuta ilijibu kwamba linatumiwa na programu nyingine. Nilifunga kila nilichojua kukifunga. Faili likabaki pale pale.

Hapana budi nimweleze msomaji lilikuwa na nini. Mwaka 2004, nikiwa mkuu wa shule, niliandika taarifa ya kupendekeza mwanafunzi wa kidato cha tatu afukuzwe kwa kuiba fedha za ada za mwenzake. Niliiandika kwa uhakika wa mtu aliyezoea kusikilizwa. Akafukuzwa. Miezi michache baadaye ikadhihirika kuwa fedha zilichukuliwa na mtu mwingine kabisa, lakini mtoto na mama yake walikwisha kuhama, nami sikuwatafuta. Nilijiambia kwamba nina mamia ya watoto wengine wa kuwaangalia.

Basi niliibeba kompyuta hadi Kariakoo, kwa fundi mmoja karibu na Mtaa wa Aggrey. Kijana alinipa shikamoo, akanivutia kiti, akaanza kazi. Alinieleza kwamba faili likiwa limeshikwa na programu inayofanya kazi chinichini, mara nyingi mfumo wa kompyuta hukataa kulifuta. Dawa yake ni kuisaka programu hiyo na kuisimamisha, au kuiwasha mashine katika hali salama, ambapo programu chache tu huamka. Iliyolishika faili langu ilikuwa programu ya kutunza nakala za akiba, niliyoiweka mwenyewe zamani kwa hofu ya kupoteza kumbukumbu!

"Lakini mwalimu," akasema (sijui aliutambuaje ualimu wangu), "hata nikilifuta, litakuwa bado lipo." Katika diski ya kuzunguka kama yangu, kufuta ni kuliondoa jina la faili katika orodha na kuitangaza nafasi yake kuwa wazi. Maneno yenyewe hubaki mpaka mengine yaandikwe juu yake, na mwenye zana aweza kuyafufua.

Nilikumbuka Chuo cha Ualimu Chang'ombe, ambako tulifundishwa kwamba rejista ya mahudhurio haifutwi kwa raba. Ukikosea, unapitisha mstari mmoja wa wino, kosa lisomeke, kisha unatia sahihi. Ujanani niliuona huo kuwa urasimu mtupu. Pale kwenye kiti cha fundi nikajiuliza: faili hili ni la nani? Ni langu niliyeliandika, au ni la yule niliyemwandika? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kutaka taarifa zisizo sahihi zinazomhusu zisahihishwe au zifutwe. Anayepewa haki hiyo ni yule aliyeandikwa. Mimi nilikuwa nataka kumfutia mwanafunzi yule bila kumwuliza, na kusema kweli niliyetaka kumsafisha hakuwa yeye.

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Uongo ukiachwa unaendelea kuchafua. Mjukuu wangu angeweza kuusoma na kuuamini. Tena kuhifadhi kosa lako kwaweza kuwa namna nyingine ya kujipenda. Walakini, iwapo siku moja mtu yule atataka kuonyesha kwamba alidhulumiwa, ataonyesha nini ikiwa mimi nimekwisha kupitisha raba?

Fundi akauliza mara ya pili, "Nifute, mzee?" Nikamwomba kwanza anichapie nakala moja. Chini yake niliandika kwa kalamu kwamba taarifa hii si kweli, nikaeleza sababu, nikatia sahihi na tarehe. Ndipo akalifuta lile la kwenye mashine pamoja na nakala zake za akiba, na kuandika juu ya nafasi zake.

Karatasi iko kabatini, ndani ya bahasha. Nimeanza kuulizia kwa wazee wa Gerezani, walikokuwa wakiishi mtoto yule na mama yake. Hadi sasa nimepata namba moja ya simu, ambayo huita bila kupokelewa.