Mkishuka Melini, Hesabuni Saa

Wajukuu zangu,

Wiki nzima nawaona kwenye kundi la familia mkivutana. Wa Texas mnataka meli ya Karibi ya magharibi, mpandie Galveston, mpitie Cozumel, Belize na Grand Cayman. Wa Florida mnataka ile ndefu ya kusini: San Juan, Saint Kitts, Saint Lucia, Barbados. Hilo amueni wenyewe, nauli ni yenu. Langu ni hizi ziara za nchi kavu ambazo baadhi yenu mmeanza kuzilipia kwa kufuata picha, bandari moja ziara mbili, kana kwamba siku ya bandarini ina saa arobaini.

Kazi yangu mnaijua. Nilikuwa nasimama gatini Kilindini na kibao mkononi, meli ikifunga napokea wageni, nawapeleka Fort Jesus, Mji wa Kale, wengine Tsavo. Kazi hiyo ndiyo iliyowasomesha mama zenu. Tangu nistaafu nimekuwa nikija kwenu huko, nami nimezipanda hizo meli za Karibi nikiwa mgeni mwenye kofia na kadi shingoni. Biashara hii nimeijua kwa kuuza na kwa kununua, na neno langu kwenu ni hili: chagueni ziara kwa saa. Picha na bei zifuate nyuma.

Chukueni Cozumel, maana naona wengi mmeandika Tulum. Tuseme meli inafunga saa mbili asubuhi na kung'oa nanga saa kumi na moja jioni. Kwenye karatasi hizo ni saa tisa. Lakini hamtashuka mpaka wakuu wa bandari waipe meli ruhusa na foleni ya ngazini ipungue, na mnatakiwa muwe ndani nusu saa kabla ya kuondoka, pengine mapema zaidi. Zinabaki saa saba na kitu. Sasa, Cozumel ni kisiwa na Tulum iko bara. Mtavuka kwa feri hadi Playa del Carmen, dakika kama 45, kisha basi kama saa nzima, na kurudi ni vivyo hivyo. Ongezeni kungojana, maana basi la watu 40 huondoka akifika wa mwisho, na wa mwisho siku zote yuko chooni au dukani. Mkifika mtapewa saa moja na nusu, mbili mkibahatika, kwenye jua lisilo na kivuli cha maana. Ni pazuri, sikatai: magofu ya Wamaya juu ya jabali na bahari ya samawati chini yake. Ila siku yenu imeliwa na feri na basi, na hali pale pale kisiwani kuna San Gervasio, magofu ya Wamaya hao hao waliokuwa wakija kumhiji mungu wao wa kike Ixchel, mwendo mfupi tu kwa teksi. Kuna na matumbawe ya Palancar, ambayo wapiga mbizi hutoka nchi za mbali kuyafuata. Chichén Itzá iko mbali kuliko Tulum. Hiyo iwekeni mpaka siku mtakayokwenda Mexico kwa ndege mkalala.

Nimeyaona haya kwa wageni wangu mwenyewe. Waliochagua Tsavo kwa siku moja waliondoka gatini alfajiri, wakarudi na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, wameona tembo wawili watatu kwa mbali na barabara ya Nairobi kwa karibu sana. Wenzao waliobaki Mombasa walitembea, wakala mahamri, wakazungumza na watu. Wa Tsavo ndio waliolipa zaidi, na wao ndio waliokuwa wakinung'unika ngazini.

Halafu ziko bandari ambazo meli haifungi gati kabisa. Belize City bahari ni ya kina kifupi, meli kubwa hutia nanga maili kadhaa nje, na abiria hushushwa kwa boti ziendazo kasi. George Town kule Grand Cayman nako hushushwa kwa boti, ingawa meli huwa karibu zaidi na mji. Hapo toeni saa nzima au zaidi katika hesabu yenu, na mfikirie nyanya yenu na magoti yake: kuruka kutoka mlango wa meli hadi kwenye boti inayopanda na kushuka si jambo la kumfanyia mtu mzima kwa kushtukiza. Upepo ukizidi, nahodha huipita bandari na hakuna wa kumlaumu.

Na hiyo saa yenyewe, jueni ni ya nani. Jimbo la Quintana Roo, ambamo Cozumel imo, tangu 2015 hufuata saa za mashariki mwaka mzima. Wa Texas mtafika pale Desemba mkiwa nyuma kwa saa moja. Meli inaweza kubadili saa yake, inaweza isibadili, na simu itadaka mnara wa kisiwani na kujibadilisha bila kuwauliza. Ukiwa umepatana na dereva wa kisiwani saa tatu, na meli bado iko saa za Texas, kwako hiyo ni saa mbili. Mmoja wenu avae saa ya mkono ya kawaida, aitie saa ya meli siku ya kwanza, na asifuate ila hiyo. Kila mnapopatana na mtu wa nje, muulizeni: saa ya kisiwa au saa ya meli?

Sasa mnaulizana mnunue kwa meli au kwa watu wa pale pale. Ukinunua kwa meli, basi likiharibika njiani meli itawangoja, ama kampuni iwafikishe bandari inayofuata kwa gharama yake. Ukinunua nje, nahodha hakujui. Saa ikifika kamba zinafunguliwa, na mtajikuta gatini mnaipungia mkono nyumba yenu ya siku kumi ikiondoka na mizigo yenu. Nauli ya ndege ya kuifuata ni juu yenu. Tena meli ikiipita bandari, ziara iliyonunuliwa melini hurudishiwa pesa. Ya nje hutegemea mlivyopatana, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa.

Lakini msiichukue hiyo kuwa sababu ya kununua kila kitu melini. Najua kinachobaki kwa mwenyeji baada ya kampuni ya meli kukata chake na wakala kukata chake. Nimekula kutoka katika hicho kilichobaki. Kwa hiyo nina upande, na upande wangu ni huu: kama mahali pako mbali, au pamevuka maji, nunueni kwa meli. Kama pako ndani ya nusu saa kutoka gatini, tafuteni dereva mwenye leseni ya kisiwa, mpatane naye bei ya gari zima na saa ya kurudi, na pesa yote imfikie yeye. Barabara za Saint Kitts, Saint Lucia na Barbados watu huendesha kushoto, kama kwetu, basi hata macho yenu hayatashtuka. Papasi, wale wanaowaandama wageni, wapo gatini, wapo duniani kote. Waambieni asante na mpite.

Someni pia ile ratiba iliyo chini ya picha. Mkiona "muda wa kununua zawadi" ndani ya ziara ya saa tatu, hapo mnapelekwa kwenye duka ambalo dereva na mwongozaji wana chao. Si dhambi, watu wana watoto. Lakini dakika hizo 40 ni zenu, nanyi mmezilipia.

Saint Lucia ndiko ambako njia inashinda mahali. Meli hufunga Castries, upande wa kaskazini, na vile vilima viwili vya Pitons, kila kimoja zaidi ya mita 700 kutoka baharini, viko kusini karibu na Soufrière. Kwa barabara ni kona juu ya kona, na mwenye tumbo jepesi atafika hoi. Kwa boti mnaambaa pwani ya magharibi, vilima vinawajia polepole kutoka mbele, mnaogelea kidogo, mnarudi na upepo. Mkinisikiliza katika moja tu, nisikilizeni hapo.

Kuogelea nako tuseme wazi. Kuna ndugu zetu wa bara wasiojua kuogelea, na wa pwani pia wapo, msitake niwataje. Asiyejua aseme mapema, aombe jaketi la kuokolea, na asione haya. Kule Grand Cayman kwenye ule mchanga wa Stingray City maji hufika kiunoni tu. Wale samaki taa walizoea kukusanyika huko tangu wavuvi walipokuwa wakitupa matumbo ya samaki. Hata asiyejua kuogelea anaweza kushuka na kusimama. Kwenye matumbawe haiwezekani. Na wewe unayejifunza kupiga mbizi na mtungi: mwaka huu usizamie bandari ya mwisho kama siku ya pili yake una ndege. Kanuni ya wazamiaji ni kungoja saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa.

San Juan msinunue ziara yoyote. Nasema hivi nikijua nitaonekana bahili. Gati liko mguuni mwa mji wa kale, na kutoka hapo mnapanda kwa miguu hadi ngome ya El Morro. Tiketi ni moja kwa ngome mbili, hiyo na San Cristóbal. Kitu kimoja tu angalieni: baadhi ya meli huingia San Juan alasiri, na ngome hufungwa kabla ya jioni, kwa hiyo meli ya namna hiyo itawapa taa za mji na chakula, na ngome mtaiona kwa nje.

Mkiwahi kuingia, nendeni taratibu, maana hiyo ngome ni ndugu ya Fort Jesus yetu ya Wareno. Mfalme Felipe wa Pili wa Hispania alikuwa ameitwaa Ureno pia, hivyo aliyeamuru San Juan iimarishwe ndiye aliyeamuru Fort Jesus ijengwe. Kule, mwaka 1589, mhandisi Mtaliano Bautista Antonelli alishiriki kuchora ramani mpya ya El Morro. Huku Mombasa kazi ilianza 1593, kwa ramani ya Mtaliano mwingine, Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1595 mafundi bado wanachonga matumbawe hapa kwetu, Francis Drake alikuwa akipigwa mizinga na kufukuzwa kule. Simameni kwenye ukuta unaotazama mlango wa bandari, muangalie jinsi ukuta unavyotokeza pembe ili mzinga mmoja uulinde mwingine. Nimewaonyesha wageni pembe za namna hiyo hapa nyumbani maisha yangu yote. Hakuna basi la watalii litakalowapa muda wa kuziangalia.

Saint Kitts mtavutwa na treni. Reli ilijengwa kati ya 1912 na 1926 kubeba miwa hadi kiwandani Basseterre, biashara ya sukari ya kisiwa ikafungwa 2005, sasa treni inabeba watalii. Ni safari ya kustarehe, muziki na vinywaji, na nyanya yenu ataipenda. Vijana mimi ningewapeleka Brimstone Hill kwa teksi, ngome ya Waingereza iliyojengwa na Waafrika watumwa kwa muda wa miaka mia hivi, jiwe juu ya jiwe, mlimani, kwenye jua hilo hilo mnalolilalamikia. Huwezi kuielewa Karibi kwa ufukwe peke yake. Fukwe tunazo, Diani haijahama.

Barbados mmesema mnataka bahari tu, haya, nendeni baharini. Siku moja ya kutofanya kitu ni ziara pia, na ni ya bei nafuu kuliko zote. Watoto wasivae kombati, wala kofia ya madoadoa ya jeshi. Barbados na Saint Lucia sheria inamkataza asiye mwanajeshi kuvaa nguo hizo, hata akiwa mgeni.

Wenye pasipoti za Kenya na Tanzania, hata kama mna kadi ya ukazi ya Marekani, ulizeni viza ya kila bandari kabla ya kulipa nauli. Meli ikipitia Martinique au Guadeloupe, hapo mko Ufaransa.

La mwisho ni pesa. Kila kisiwa watawapokelea dola za Marekani, lakini neno "dola" hapo lina wenyewe wengi. Dola ya Barbados ni mbili kwa moja ya Marekani tangu 1975. Ya Karibi ya mashariki, inayotumika Saint Kitts na Saint Lucia, ni 2.70 kwa moja. Ya Cayman ina nguvu kuliko ya Marekani. Arobaini za Barbados ni ishirini zenu, za Saint Lucia hazifiki kumi na tano, za Cayman zinakaribia hamsini. Dereva akiwatajia arobaini, ulizeni dola ya nani kabla hamjafungua mlango wa gari, na noti ndogo ndogo za bakshishi mzichenji kabisa kabla ya kupanda meli.