Jina la Aliye Mbele ya Kamera

Mtu anakufa njaa mbele yako na mkononi una kamera. Unarekodi ama unaiweka chini? Wengi wetu hujibu mbio: rekodi, dunia ione. Na mfano unaotolewa, hasa hapa Nairobi, ni wa mzaliwa wa mji huu, Mohamed Amin.

Oktoba 1984 Mo alikuwa Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Buerk alisimulia, Mo akapiga picha. Ripoti ilipoonyeshwa tarehe 23, misaada ilianza kumiminika. Julai 1985 likafuata tamasha la Live Aid. Kuna watu wako hai leo kwa sababu ya picha zile. Kwa hilo sina ubishi.

Ninachopinga ni vile tunazitumia kufunga mjadala. Mama aliyempakata mwanawe pale Korem hakuwa na nguvu ya kukataa kuonekana na Ulaya nzima. Mo alifanya sawa kurekodi, na bado alibaki na deni kwa huyo mama. Kuokoa maelfu ni hesabu nyingine.

Wengine watakuambia Mo alilipa. Kweli, 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto, na mwenzake wa kurekodi sauti, John Mathai, akafa. (Mathai! Wangapi wetu tumewahi kulisikia hilo jina?) Mo aliwekewa mkono wa bandia, akarudi kazini, mpaka Novemba 1996 ndege aliyopanda kutoka Addis ilipotekwa ikaangukia baharini karibu na Komoro. Huyo alikuwa jasiri, bana. Lakini mkono alioupoteza haukumfikia mama wa Korem.

Sasa mfikirie Brian Stewart, mwandishi wa televisheni ya CBC ya Kanada, aliyekuwa Ethiopia mwaka uleule. Kikosi chake kilimrekodi msichana mdogo huko Tigray, mahututi, watu wakiwa wameshakata tamaa. Sura yake ilionyeshwa Live Aid. Kumbe hakufa. 1988 Stewart alirudi, akamtafuta, akampata na babake, na akasaidia kumsomesha. Anaitwa Birhan Woldu. Mwaka 2005, akiwa mtu mzima, alipanda jukwaani London kwenye Live 8.

Sisemi kila mwandishi amsomeshe kila anayemrekodi. Mishahara yenyewe tunaijua. Nasema kurudi kuuliza ni sehemu ya kazi, wala si hisani. Na siku hizi kazi hii tumeigawana sote. Matatu ikipinduka Thika Road, simu zinatoka mfukoni kabla mtu hajashika mlango. Kufikia jioni video imezunguka kila grupu. Muulize aliyeirekodi yule jamaa wa shati jekundu, aliyelala kwenye lami, alipelekwa hospitali gani. Atakuangalia tu.