Nasaha kwa Mabinti Wawili Waendao Likizo kwa Shangazi

Wanangu, tangu Mwana Kupona alipomtungia bintiye utenzi mwaka 1858, nasaha nyingi zimemwandaa msichana kwa nyumba ya mume. Nyumba ya shangazi huja kabla ya hiyo. Siku mbili za mwanzo mtapikiwa pilau. Mimi nasemea siku ya tatu na kuendelea.

Kinachoharibu ugeni wa ndugu wawili ni uwili wao. Binti aliyekwenda peke yake hana budi kuzoeana na wenyeji, wawili hujitosheleza. Hujifungia chumbani, huteta kwa kilugha, hucheka kisha wakanyamaza mtu akiingia. Hamjamtukana yeyote, lakini mwenye nyumba anajiona kama amepangisha chumba. Basi achianeni kidogo: mmoja akiwa jikoni na shangazi, mwingine akae na binamu mdogo na daftari lake.

Shangazi anakaa Kariakoo, na kwenye maghorofa ya huko ngazi ni ya wote, kwa hiyo shikamoo ianzie mlango wa chini, hata kwa msiowajua. Maji yakitoka usiku, amkeni mjaze ndoo bila kuitwa. Dada wa kazi hakuajiriwa kwa ajili yenu: nguo zenu fueni, vyombo vyenu osheni. Hapo sina mjadala.

Mkitoka, semeni mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi. “Tunatoka kidogo” si kuaga. Tangu ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, mtu wa pale simu isipopokelewa huanza kuwaza mabaya, na ana haki. Mtaa wa Kongo mkoba uwe kifuani. Mkitumwa samaki soko la Feri, nendeni asubuhi, na chenji iwekwe mezani kabla ya kuulizwa, hata ikiwa mia mbili. Pantoni ya Kigamboni iko hapo hapo na upepo wake unavutia, lakini mlitumwa samaki. Kuvuka kuombewe ruhusa siku nyingine.

Sasa sikilizeni vizuri. Heshima kwa wakubwa haimpi mkubwa ruhusa ya kuwashika. Mwanamume yeyote, wa nyumbani au jirani, akimwita mmoja wenu chumbani, msiende, wala msimwonee haya. Hapo uwili wenu ushikilieni: asibaki mmoja peke yake. Mwambieni shangazi siku hiyo hiyo. Asipowasikiliza, nipigieni mimi, hata kama ni saa nane ya usiku.