Hayuko Kwenye Orodha



Somo letu ni Mwanzo 16, Hajiri kule jangwani. Lakini kwanza twende Tanzania.

Kwenye misitu ya Mlima Rungwe, wawindaji wa Kinyakyusa walimtaja tumbili mkubwa mwenye mkia mrefu, wakamwita kipunji. Watafiti waliposikia habari zake mwaka 2003, walishuku: labda ni hadithi tu. Kumbe yupo! Walimwona mwaka huohuo, na mwaka 2005 dunia ikatangaziwa kwamba amegunduliwa.

Sasa nauliza, kabla ya hapo alikuwa wapi? Si palepale, anakula, analea watoto! Kilichopungukiwa ni kitabu, si mnyama. Hata hirola wetu alipewa jina la mwindaji Hunter, aliyemkuta kando ya Tana mwaka 1888, ilhali wafugaji walimjua tangu zamani. Na katika Zaburi 50 Mungu anasema wanyama wa mwituni wote ni wake. Yeye hagundui mtu wala mnyama, anawajua.

Wapendwa, nami nina la kutubu. Wakati wa ukame, kanisa lilipopata unga wa kugawa, mimi ndiye niliyeandika orodha. Nimesomea biashara, napenda hesabu safi. Ambaye hakuonekana ibadani miezi mitatu, nilimfuta. Mama mmoja shemasi akaniambia, "Pasta, umemwacha nyanya. Amefuata mbuzi kwenye maji."

Nikamjibu, "Mama, hayuko kwenye orodha."

Unga ukaisha. Nilipomfikia nyanya baadaye, alikuwa amebaki na mbuzi wawili. Akaniuliza, "Mwanangu, kwani mimi nilitoka kanisani lini?" Sikuwa na jibu.

Soma tena ile sura. Sarai na Abramu wanamwita Hajiri mjakazi tu. Wa kwanza kumwita kwa jina lake ni malaika wa Bwana, pale kwenye chemchemi. Ndiyo maana Hajiri alimjua Mungu kuwa ndiye amwonaye.

Rejista nimeifungua upya. Jumapili hii, kila mmoja aje na jina la mtu ambaye hatujamwona siku nyingi, na mahali alipo. Tutamwombea, halafu tutamfuata, hata kama ni mwendo wa siku nzima hadi silangani. Safari ya kwanza naenda mimi.

Mungu awabariki.