Asiyejua Atamchaguaje Anayejua?

Anayeanza kujifunza kupiga udi hutakiwa kumpima mwalimu kwa ujuzi ambao yeye mwenyewe bado hana. Mkanganyiko huu ni wa kale. Katika Protagoras ya Plato, kijana Hippocrates anadamka kabla ya mapambazuko kumkimbilia mwalimu mashuhuri, na Socrates anamwonya: chakula cha sokoni waweza kukitia chomboni, ukafika nacho nyumbani, ukamwita mjuzi akakikagua kabla hujakila. Mafundisho hayana chombo. Huingia rohoni moja kwa moja, na ukishayapokea yamekwisha kukufaa au kukudhuru. Wengi hulikwepa fumbo hili kwa kufuata jina linalovuma jukwaani. Wengine husema mwanafunzi mchanga anatoshwa na mwalimu yeyote wa bei nafuu, fundi atamkuta huko mbele. Njia zote mbili zina kasoro, na hii ya pili ndiyo mbaya zaidi.

Tuutazame udi wenyewe. Shingo yake ni laini, haina vigawanyo kama vya gitaa, hivyo kidole kikipotea kidogo tu, ala haimsahihishi mpigaji. Mwanafunzi anayeachwa akiikamata shingo kwa kiganja kizima, kifundo cha mkono kimejikunja, hutoa sauti inayokaribia kuwa sawa. Sikio linaizoea, na mwisho huiona ndiyo yenyewe. Kumwondolea mtu mazoea hayo ni kazi kuliko kumwanzisha asiyejua kitu. Quintilian, mwalimu wa ufasaha huko Roma katika karne ya 1, anasimulia kwamba Timotheus, bingwa wa zumari, aliwatoza waliokwisha kufundishwa na mwingine mara mbili ya ada ya wale waliomjia hawajui lolote. Sioni dhuluma hapo.

Na jina je? Fundi mkubwa mara nyingi amekwisha kusahau alivyojifunza. Ujuzi umehamia vidoleni. Ukimuuliza amefanyaje, anakupigia tena, kwa kasi ileile. Ndiyo maana ushahidi wa kuaminika ni wanafunzi wake. Atatokea wa kupinga: huenda huwapokea wenye vipaji tu, kisha sifa akazichukua yeye. Ni kweli, kwa hiyo mtazame mwanafunzi wake aliye mzito. Akikosea mara ya tatu palepale, je, mwalimu anamwambia “rudia” basi, au anamsimamisha, anamwonyesha kidole kilichopotea na kuipunguza kasi mpaka kosa litoke? Kuliona hilo hakuhitaji kujua maqamu, mifumo ya sauti ya muziki wa udi. Kila mtu amewahi kufundishwa jambo fulani, na anajua uso wa aliyeelewa unavyokuwa.

Wanaosema kipaji hakihitaji mwalimu humtaja Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa Fumba, Unguja, ambaye hakusoma shule na aliimba akitembeza vyungu. Lakini baada ya kuhamia mjini Unguja mwaka 1911, alifundishwa na mwanachama wa Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa 1905. Sauti alikuja nayo. Uimbaji wa taarabu alifunzwa. Ikiwa Siti alihitaji mwalimu, mtoto wako naye anamhitaji. Kabla hujalipa ada ya mwezi, omba ukae darasani somo moja, tena siku ya mwanafunzi asiye hodari. Mwalimu akikukatalia bila sababu ya maana, tafuta mwingine.