Kofia ya Mfiwa



Mwaka niliokaa Seoul kujifunza lugha, nilizoea kutazamwa. Kwenye treni ya chini ya ardhi, kiti kilichokuwa pembeni yangu kilikuwa cha mwisho kukaliwa. Watoto walinong'ona "waegugin", yaani mgeni. Sisemi walinichukia, wengi walikuwa wapole mno. Ila kutazamwa kutwa kunachosha, jamani.

Na bado kuna jambo nililifurahia kimya kimya: nilikuwa mtu mwema sana! Kila mzee nilimpisha kiti. Sikuvuka barabara taa ikiwa nyekundu. Nilijiambia kwamba nawakilisha Afrika nzima, kana kwamba Afrika ilinituma.

Ukisoma falsafa huwezi kuikwepa pete ya Gyges. Katika Jamhuri ya Plato kuna simulizi la mchungaji aliyepata pete ya kumfanya asionekane, akamtongoza malkia na kumuua mfalme. Swali ni hili: nani angebaki mwadilifu kama haonekani? Mimi Seoul nilikuwa kinyume chake. Sikuwa na pa kujificha.

Mpaka usiku mmoja wa Januari. Baridi kali, nimevaa barakoa, glovu, na kofia ya koti nimeishusha hadi kwenye nyusi. Mbele yangu bibi mmoja alikuwa anapandisha kilima na mkokoteni wa maboksi. Kule wapo wazee wanaookota maboksi na kuyauza kwa kilo. Gurudumu likakwama. Nikampita. Wala sikuwa na haraka. Ingekuwa mchana, watu wananiona, ningemkimbilia.

Kitandani nikawakumbuka mapadre Wafaransa walioingia Korea kwa siri kuanzia 1836, wakati dini yetu imepigwa marufuku. Mzungu angetambulika mara moja, basi walivaa nguo za mfiwa na kofia pana iliyoshuka kufunika uso. Kwa desturi ya kule mfiwa hakusemeshwa hovyo njiani. Kofia ile ilikuwa pete kabisa.

Mwaka 1839 waamini walipokuwa wanakamatwa na kuteswa, Askofu Laurent Imbert alijisalimisha, kisha akawaandikia Padre Maubant na Padre Chastan wajisalimishe pia, ili waamini wapone. Wote watatu walikatwa vichwa Septemba 21. Yohane Paulo II aliwatangaza watakatifu mwaka 1984, pale pale Seoul.

Lakini kinachonisumbua si siku waliyoivua ile kofia. Ni miaka waliyokuwa chini yake, wakizunguka kwa siri kuwaungamisha watu, bila mtu wa kuwasifu. Mimi chini ya yangu nilimpita bibi.

Kesho yake usiku nilirudi kwenye kile kilima, nikasimama kama nusu saa. Hakuja. Jumamosi nikaenda kuungama, nyuma ya wavu, kwa Kikorea changu cha kubabaisha. Padre hakuniona, ila kwa lafudhi ile, nadhani alishanijua kabla sijamaliza ishara ya msalaba.